Xi'an kwa siku moja na kikundi: wanayosimulia watu na hali ilivyo

Ukienda Xi'an, mji wa kale wa China, na kikundi, siku nzima unafuata kibendera cha mwongoza watalii. Asubuhi unaona mambo ya kabla ya Kristo, mchana ya enzi ya Ming (ukoo wa kifalme wa karne ya 14 hadi 17), usiku unaambiwa hapa ni Tang (ukoo wa karne ya 7 hadi ya 10). Basi linakimbia na enzi zinachanganyika kichwani, ndiyo maana wengi hurudi nyumbani na masimulizi ya nusunusu.

"Tuliingia kwenye kaburi la mfalme, lile la askari wa udongo."

Hukuingia, na hakuna aliyekuruhusu. Mashimo ya askari yako kama kilomita moja na nusu mashariki mwa kilima alichozikwa Qin Shi Huang, mtawala aliyeiunganisha China mwaka 221 KK. Kaburi lenyewe halijafukuliwa mpaka leo. Sima Qian, mwanahistoria wa kale, aliandika kwamba mle ndani mna mito ya zebaki, na vipimo vya udongo wa kilima kweli vimekuta zebaki ya kupita kiasi. Ila kinachowazuia zaidi wataalamu ni hofu ya kuharibu, na hofu hiyo wameipata kwa askari wenyewe. Tunawazoea wakiwa rangi ya udongo, lakini walizikwa wamepakwa nyekundu, kijani, hata zambarau. Wanapofukuliwa, lakeri, yaani vanishi ya utomvu wa mti iliyo chini ya rangi, hukauka, hujikunja na kubanduka ndani ya dakika chache.

Wanakadiriwa kufika 8,000, na wengi bado wamo ardhini. Wale waliojipanga vizuri kwenye picha karibu wote walikutwa vipande vipande baada ya wakulima kugonga mabaki wakichimba kisima, Machi 1974. Usibanane na umati pale mbele. Zunguka hadi nyuma ya shimo la kwanza uone wanavyounganishwa upya, mkono huku, kichwa kule. Na lile la "kila mmoja ana sura yake" ni kweli nusu: vichwa vilitolewa kwenye kalibu chache, kisha fundi akaongeza masharubu, masikio na nywele kwa mkono.

"Kwenye duka la jade, yale mawe ya mapambo, lazima ununue, ndiyo utaratibu wao."

Si lazima. Sheria ya utalii ya China iliyoanza kutumika Oktoba 1, 2013 inakataza kuuza safari kwa bei ya kutupa halafu kampuni ifidie kwa kamisheni za madukani. Vituo vya manunuzi bado vipo, basi soma ratiba kabla ya kulipa. Ukifikishwa, pokea chai, shukuru, katoke nje upunge upepo.

"Chakula cha Kichina ni wali na nguruwe, Mwislamu atashinda njaa."

Hapa ndipo watu wanajipunja kweli, wanabeba biskuti na mikebe ya samaki kutoka kwao! Xi'an iko katika China ya ngano. Chakula chake ni mikate na tambi pana. Nyuma ya Mnara wa Ngoma upo mtaa wa Wahui, Waislamu wa China, na harufu inayokupokea ni ya nyama ya kondoo, pilipili na bizari ya pilau. Agiza paomo. Utaletewa bakuli tupu na mkate mkavu mgumu, uumege mwenyewe vipande vidogo kama punje za mahindi. Ukimaliza, bakuli linarudi jikoni, mpishi anaupika mkate wako kwenye supu ya kondoo pamoja na tambi nyembamba, kisha unakula na kitunguu saumu cha achari. Ukimega mapande makubwa kwa haraka, supu haiingii ndani, na hapo usimlaumu mpishi.

Katika mtaa huohuo, watu hupita mlango wa Msikiti Mkuu bila kuujua kwa sababu wanatafuta kuba. Hakuna. Ni nyua zinazofuatana, paa za vigae zilizopinda pembeni, na mnara wa mbao wa pembe nane. Majengo mengi ni ya enzi ya Ming, kuanzia mwaka 1392, na safu nzima inaelekea magharibi, kwa kuwa kutoka China kibla kiko huko. Asiye Mwislamu huishia nje ya ukumbi wa swala.

Laiti ratiba ningepanga mimi, kikundi kingeenda pia kwenye msikiti mdogo wa kichochoro cha Daxuexi, si mbali na hapo. Una jiwe la maandishi la mwaka 1523 linaloeleza kwamba Zheng He, amiri wa merikebu za Ming, alifika hapo mwaka 1413 kutafuta mkalimani wa kusafiri naye, akampata Hasan. Miaka miwili baadaye twiga kutoka Malindi akafikishwa kwa mfalme wa Ming, na merikebu za Zheng He zenyewe zikaja kufika Mogadishu, Barawa na Malindi.

"Tuliendesha baiskeli juu ya Ukuta Mkuu wa China."

Ni ukuta wa mji tu, wa kilomita 13.7, uliojengwa na Ming miaka ya 1370. Mji wa Tang ulikuwa na eneo kubwa zaidi mara saba hivi, lakini ulibomolewa mwaka 904 mji mkuu ulipohamishiwa Luoyang. Kwa hiyo ile "Tang" ya usiku yenye taa, ngoma na chemchemi ni ujenzi wa karne hii. Miongoni mwa vilivyobaki kweli ni Pagoda Kubwa ya Bata Bukini, mnara wa Kibudha wa matofali, iliyoanza mwaka 652 na kujengwa upya mwanzoni mwa karne ya 8. Wale mabinti wenye mavazi ya kifalme unaowaomba picha ni watalii kama wewe, wengine kutoka mikoa ya mbali, na nguo wamekodi duka la jirani.