Nyuzi za ESO 137-006

Mikia iliyopinda ya galaksi za redio, zile zinazong'aa kwa mawimbi ya redio, hainishangazi tena. Galaksi ya redio ina shimo jeusi katikati, na shimo hilo husukuma nje mikondo miwili ya chembe. Ndani ya kundi la galaksi, mikondo hiyo hukumbana na gesi yenye joto la mamilioni ya digrii. Galaksi ikienda kasi, gesi huilaza mikondo nyuma iwe mikia, kama moshi wa treni. Tazama galaksi ya NGC 1265 katika kundi la Perseus.

Galaksi ya redio ya ESO 137-006 ndiyo inayonikosesha raha. Imo katika kundi la Norma, umbali wa miaka-nuru milioni 220 hivi, nyuma ya vumbi la galaksi yetu. Vumbi huwatesa wanaotumia darubini za kawaida. Mawimbi ya redio hupita bila shida. Mwaka 2020, Mpati Ramatsoku wa Chuo Kikuu cha Rhodes na wenzake walichapisha picha yake kutoka MeerKAT, darubini ya redio yenye madishi 64 yaliyosimikwa Karoo, Afrika Kusini. Mikia ilishajulikana. Kilichokuwa kigeni ni nyuzi nyembamba zinazovuka kutoka upande mmoja wa galaksi hadi wa pili.

Zinang'aa kwa sababu elektroni zinazokimbia karibu na mwendo wa nuru huzunguka mistari ya uga wa sumaku na kutoa mawimbi ya redio. Elektroni zenye nishati kubwa huishiwa mapema, kwa hiyo zisipoongezewa nguvu, mawimbi ya masafa ya juu, yaani yanayotetemeka haraka zaidi, ndiyo hufifia kwanza. Nyuzi za ESO 137-006 zinafifia vivyo hivyo: kwenye megahezi 1,400 ni hafifu sana kuliko kwenye 1,000. Kwa kawaida tungesema elektroni hizo ni kuukuu. Sasa, kuukuu hivyo, mbona hazijatawanyika?

Mimi naegemea upande wa sumaku: uga umezifunga zisiweze kutoka kando. Dokezo limetoka kwa galaksi nyingine, 3C 40B katika kundi la Abell 194, ambako MeerKAT pia imeona nyuzi ndefu. Huko upolarishaji wa mawimbi, yaani mwelekeo yanaotetemekea, unaonyesha uga umelala sambamba na nyuzi zenyewe. Lakini hilo linaeleza kinachozishika tu. Nani alizisokota, mikondo ya galaksi au msukosuko wa gesi ya kundi, ni ugomvi ambao bado tunao.