Nyumba ya Kwanza Tanga: Anza na Slipu ya Mshahara, Bei Ije Mwisho

Anayetafuta nyumba ya kununua hapa Tanga kwa kawaida huanza kwa dalali. Anazungushwa Kange, anapelekwa Mwahako, anaonyeshwa nyumba ya vyumba vitatu yenye uzio na kisima, moyo unatua hapo. Ndipo anarudi kwake kutafuta fedha za kuifikia ile bei. Hesabu ikianzia kwenye bei, kila kitu kingine hulazimishwa kiitoshe: matumizi yanapunguzwa kwenye karatasi, ada inasahauliwa, akiba yote inamwagwa. Tunashauri kinyume chake. Namba ya kwanza iwe kiasi ambacho familia inaweza kukitoa kila mwezi kwa miaka 15 bila mtoto kurudishwa kwa ada na bila kukopa unga dukani ikifika tarehe 20.

Chukua slipu ya mshahara ya mwezi uliopita. Tuseme ni ya mtumishi wa umma mwenye mshahara wa msingi wa shilingi 1,200,000. PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, inachukua asilimia 5, yaani 60,000. Kodi inakokotolewa kwenye 1,140,000 iliyobaki: kwa madaraja yaliyotumika tangu Julai 2021, milioni ya kwanza inakatwa 128,000 na kila kinachozidi hapo asilimia 30, jumla 170,000. Bima ya afya ya NHIF, asilimia 3, ni 36,000. Kama alisoma kwa fedha za Bodi ya Mikopo, asilimia 15 ya mshahara wa msingi inaondoka, 180,000. Mkononi zinabaki 754,000. Wa sekta binafsi aliye kwenye mfuko wa NSSF akumbuke kwamba mchango wake ni mkubwa zaidi, kwa kawaida asilimia 10.

Sheria inamlinda mtumishi wa umma abakiwe na angalau theluthi moja ya mshahara wa msingi baada ya makato yote. Kwa mfano wetu theluthi ni 400,000, kwa hiyo nafasi iliyobaki ya kukatwa ni 354,000. Watu wengi husimama hapo na kusema, "Naweza kulipa 354,000." Hapana. Theluthi ni sakafu iliyowekwa ili usikatwe ukabaki mtupu. Haijui una watoto wangapi wala kama mama yako anatibiwa hospitali ya Bombo.

Sasa weka matumizi ya nyumbani. Mwenzi wa mtumishi wetu ana duka la rejareja Makorora. Kipato cha biashara kisipimwe kwa mwezi uliochangamka. Tazama miamala ya miezi 12, chagua miezi mitatu iliyokuwa duni kuliko yote, chukua wastani wake. Kwa mvuvi wa Sahare kanuni hii ni ya lazima kabisa: dagaa wa taa hawavuliwi mbalamwezi ikiwa kali, na upepo wa kusi ukishika ngalawa hulala pwani siku kadhaa mfululizo. Tuseme wastani wa duka katika miezi duni ni 350,000. Pato la nyumba ni 1,104,000.

Chakula 330,000. Umeme, maji na gesi 70,000. Nauli 90,000. Ada, sare na madaftari ni 960,000 kwa mwaka. Zigawe kwa 12, zinakuwa 80,000 kila mwezi, hata kama hulipi mwezi huu. Wazazi, harusi na misiba 60,000, na tafadhali usiandike sifuri hapa kwa sababu tu unaona aibu kuyahesabu. Simu na vocha 30,000. Akiba ya dharura 80,000. Jumla 740,000, zinabaki 364,000. Pango la nyumba wanayoishi sasa halimo kwenye orodha kwa kuwa litakoma.

Lakini nyumba yako nayo inakula. Kodi ya majengo kwa nyumba ya kawaida inakatwa kupitia LUKU, 1,500 kwa mwezi. Kuna pango la ardhi la kila mwaka, bima, na matengenezo, ambayo tunashauri uyatengee asilimia 1 ya bei ya nyumba kila mwaka. Karibu na bahari asilimia 1 ni ndogo: upepo wa chumvi hula misumari na bati, na ukiona zege la lenta au nguzo limepasuka kwa mstari mrefu wenye alama ya rangi ya kutu, nondo ndani imeanza kuvimba na itaendelea kulisukuma zege nje. Hiyo si kazi ya rangi. Kwa familia yetu ya mfano tuweke 44,000 kwa gharama zote hizi. Uwezo halisi wa kulipa rejesho ni 320,000.

Kutoka rejesho hadi mkopo

Mikopo ya nyumba nchini imekuwa ikitolewa kwa riba za kati ya asilimia 13 na 19 kwa mwaka, kutegemea benki na mkopaji. Riba ikiwa asilimia 15 kwenye salio linalopungua, yaani kwenye deni lililobaki tu, kila milioni 1 unayokopa inadai rejesho hili la mwezi:

miaka 10: shilingi 16,133
miaka 15: shilingi 13,996
miaka 20: shilingi 13,168
miaka 25: shilingi 12,808

Gawa 320,000 kwa 13,996, unapata mkopo wa milioni 22.86 kwa miaka 15. Ukivutwa na miaka 25, rejesho lile lile linakupa milioni 24.98. Tazama vizuri tofauti hiyo: kwa milioni 2.1 za ziada leo, unalipa miezi 120 zaidi, jumla milioni 38.4. Mkopo mrefu unapunguza rejesho kidogo sana riba inapokuwa juu, kwa sababu miaka ya mwanzo karibu fedha yote inaishia kwenye riba na deni lenyewe linagusika kwa shida. Umri nao una neno lake. Mtumishi wa umma anastaafu kwa lazima akiwa na miaka 60, na benki inataka mkopo uishe kabla ya hapo. Aliye na miaka 50 asome mstari wa kwanza tu.

Riba nyingi za mkopo wa nyumba zinaweza kubadilishwa katikati ya mkataba. Soma kifungu hicho kabla ya vingine vyote. Kwa usalama rudia hesabu kwa asilimia 2 zaidi: kwa asilimia 17, miaka 15, kila milioni inadai 15,390, na 320,000 inabeba milioni 20.8. Hiyo ndiyo namba ya kuandika, si 22.86. Riba isipopanda, ziada itakwenda kupunguza deni.

Ukiambiwa na mkopeshaji mdogo kwamba riba yake ni "asilimia 12 tu", uliza inahesabiwa juu ya nini. Milioni 10 kwa miaka 5, riba ikihesabiwa kwenye salio linalopungua, ni rejesho la 222,444. Ikihesabiwa kwenye mkopo wote wa mwanzo bila kujali umeshalipa kiasi gani, ni milioni 6 za riba na rejesho la 266,667. Huu wa pili, ukiupima kwa kipimo cha wa kwanza, ni zaidi ya asilimia 20. Tangazo ni moja, deni si moja.

Kutoka mkopo hadi bei

Familia yetu ina akiba ya milioni 9. Isitolewe yote. Milioni 2 zibaki kwa ajili ya mwezi ambao mtoto amelazwa au duka limeibiwa, hivyo zinazotumika ni milioni 7. Jumlisha na mkopo wa milioni 20.8, ni milioni 27.8. Bado si bei.

Kuna gharama za kuhamisha umiliki na kufungua mkopo: ushuru wa stempu wa asilimia 1, ripoti ya mthamini, wakili, ada ya benki ya kuandaa mkopo, bima ya maisha na ya moto, kibali cha uhamisho na usajili wa hati pamoja na rehani. Tenga asilimia 6 ya bei. Gawa milioni 27.8 kwa 1.06: bei ya juu kabisa ni milioni 26.2. Fedha ya mnunuzi ndani yake ni milioni 5.4, kidogo juu ya asilimia 20, na benki nyingi hutaka mnunuzi aweke kati ya 10 na 20. Aliyetumia sakafu ya theluthi (354,000 kwa riba ya asilimia 15, miaka 15), akamwaga akiba yote na kusahau gharama za uhamisho, angejiona ana milioni 34.3. Hizo milioni 8 za katikati ndizo zinazouza nyumba za watu.

Kwa milioni 26.2 macho yanaelekea pembezoni, Pongwe au Mabokweni, zaidi kuliko Raskazone ya ufukweni. Hapo ingiza nauli. Kila shilingi 1,000 ya nauli inayoongezeka kwa siku ni 26,000 kwa mwezi wa siku 26 za kazi, na 26,000 inalipa karibu milioni 1.86 za mkopo. Watu wawili wakiongezewa nauli hiyo, nyumba ya mbali lazima iwe nafuu kwa zaidi ya milioni 3.7 ndipo faida ianze kuonekana.

Muuzaji akisema anataka "milioni 26 safi mkononi", simama. Kodi ya ongezeko la mtaji ni yake kisheria: asilimia 10 ya faida, au asilimia 3 ya thamani asipokuwa na kumbukumbu za gharama zake. Kwa maneno hayo anakutwisha wewe, na kwa asilimia 3 ni kama 780,000. Iandikwe kwenye mkataba nani analipa nini. Wala hakuna sheria inayompa kiongozi wa mtaa asilimia 10 ya bei kwa kushuhudia mauziano.

Benki haikopeshi kwa bei mliyokubaliana, inakopesha kwa bei hiyo au thamani ya mthamini, yoyote iliyo ndogo. Nyumba ya milioni 26 ikithaminiwa 22 na benki ikatoa asilimia 80, unapata milioni 17.6, pengo lote lililobaki ni lako. Kwa hiyo usitoe malipo ya awali yasiyorudishwa kabla ripoti haijatoka. Na nyumba yenye karatasi ya mauziano ya serikali ya mtaa pekee, hata ikiwa nzuri vipi, kwa kawaida haipati mkopo wa nyumba: benki inataka hati miliki ya kuisajilia rehani. Fanya upekuzi rasmi ofisi ya ardhi, ulinganishe jina la muuzaji, namba ya kiwanja, muda uliobaki kwenye hati, na kama kuna rehani nyingine au zuio. Nyumba ya wanandoa inahitaji ridhaa ya mwenzi wa muuzaji kwa maandishi. Iliyo ndani ya mita 60 kutoka ufukweni iache. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu humo.

Ukishapata namba yako, ijaribu kabla ya kusaini. Familia yetu inalipa pango la 120,000 kwa mwezi. Rejesho na gharama za nyumba ni 364,000, kwa hiyo tofauti ya 244,000 iingie akaunti nyingine siku ile ile mshahara unapotoka, miezi sita mfululizo, Januari ikiwemo. Isiguswe. Mwezi wa sita pawepo 1,464,000. Ikiwa mlichota Januari kwa ajili ya ada, rejesho lile ni kubwa kwenu kwa kiasi mlichochota. Lipunguzeni, mrudie mgawanyo kuanzia juu. Ikiwa zimo zote, nendeni benki mkiwa nazo, na mpange tarehe ya kukabidhiwa nyumba ikaribiane na mwisho wa mkataba wa pango. Wenye nyumba wengi hutaka miezi sita au 12 kwa mkupuo, na kulipa pango na rejesho kwa pamoja ndiyo njia ya haraka ya kuila ile milioni 2 ya dharura kabla hata hamjahamia.