Haimo si haipo: maana ya faharasa kwenye kompyuta

"Kompyuta imesema haipo." Maneno hayo nimeyasikia mara nyingi mno. Mara ya mwisho yalitoka kwa dada mmoja wa masjala aliyekuwa akitafuta muhtasari wa kikao cha mwaka juzi. Aliandika neno moja kwenye kisanduku cha kutafutia, Windows ikamjibu kwamba hakuna kinacholingana, naye akainua simu kumweleza bosi kwamba faili imepotea. Fundi aliyeitwa akashauri mashine ipigwe window upya, yaani Windows ifutwe na kuwekwa tena. Muda wote huo faili ilikuwa kwenye diski D, salama kabisa.

Nianze na maana. Tunachokiita kusechi kwenye kompyuta, mara nyingi, si kuikagua kompyuta. Ni kusoma faharasa. Faharasa ni daftari ambalo mashine hujiandikia yenyewe pembeni, neno kwa neno, ikirekodi kila neno limo katika faili zipi. Ukiuliza, inafungua daftari hilo na kukusomea kilichoandikwa. Faili zenyewe haizigusi. Ndiyo maana jibu huja kabla hujamaliza kuandika: hakuna mashine inayoweza kufungua nyaraka elfu ishirini, moja baada ya nyingine, kwa muda wa kupepesa jicho.

Maana ni hiyo tu. Kinachosumbua ni neno lenyewe, kwa sababu tunalichanganya hata kwenye vitabu, kabla hatujafika kwenye kompyuta.

Faharasa tumelipokea kutoka Kiarabu, nao Waarabu walilipata kwa Waajemi, ambao hadi leo husema *fehrest* wakimaanisha orodha. Mwaka 377 Hijria, yaani 987 Miladia, Ibn al-Nadim wa Baghdad, mtu aliyeishi kwa kazi ya vitabu, alikusanya orodha ya vitabu vya Kiarabu alivyovifahamu pamoja na waandishi wake, akaiita *Kitab al-Fihrist*. Vingi kati ya vitabu alivyoviorodhesha havijulikani vilipo tena. Tunajua viliwahi kuandikwa kwa sababu yeye aliviandika majina. Vimo kwenye fihrist, lakini havipo duniani. Nakuomba ulikumbuke hilo, maana shida ya dada wa masjala ni ileile iliyogeuzwa: faili yake ilikuwepo duniani, ila haikuwamo kwenye faharasa.

Kiswahili kimelipokea neno hilo kwa sura mbili. *Fahirisi* tunaisikia zaidi kwa watu wa takwimu. Ofisi ya Taifa ya Takwimu ya Tanzania inapotangaza mfumuko wa bei huzungumzia fahirisi za bei. *Faharasa* imebaki kwenye vitabu, na huko ndiko ilikoharibiwa. Fungua kurasa za mwisho za diwani nyingi za ushairi tulizosoma sekondari, utakuta kichwa "Faharasa", na chini yake orodha ya maneno magumu na maana zake. Hiyo si faharasa. Hiyo ni sherehe (si ile ya harusi), neno zuri tulilonalo tayari, lenye asili ya *sharh* ya Kiarabu, yaani ufafanuzi. Faharasa haikuelezi maana ya neno. Inakuambia neno liko ukurasa gani, basi.

Tena faharasa si yaliyomo. Yaliyomo hukaa mwanzoni na hufuata mpangilio wa kitabu: sura ya kwanza, ya pili, ya tatu. Faharasa hukaa mwishoni na huanzia upande wa pili, kwenye neno. Yaliyomo yanauliza "ukurasa huu una nini?" Faharasa inauliza "kitu hiki kiko kurasa zipi?" Kwenye kompyuta, folda zako ndizo yaliyomo: Ofisi, ndani yake Vikao, ndani yake 2023. Unaweza kuzipanga kwa ustadi wa hali ya juu na maneno ya faharasa yasibadilike hata kidogo, na unaweza kuzivuruga zote na faharasa bado ikakuonyesha faili yako, mradi haijatoka kwenye sehemu inayosomwa. Ni vitu viwili tofauti. Mtu anayesema "nimepanga folda vizuri lakini sechi bado haioni" analalamikia yaliyomo kwa kosa la faharasa.

Sasa nifike kwenye lile ambalo sijaona likielezwa kwa Kiswahili, nalo ndilo linalotuumiza sisi hasa.

Faharasa ya kompyuta hupanga maneno kama yalivyoandikwa, kuanzia herufi ya kwanza. Ukitafuta neno lililomo ndani ya nyaraka, Windows hulinganisha ulichoandika na *mwanzo* wa maneno yaliyo kwenye daftari lake. Kwa Mwingereza hilo ni jema, kwa sababu maneno yake mengi hubadilika mkiani: akiandika umoja, wingi unajileta wenyewe kwa kuwa mwanzo ni uleule. Kiswahili hubadilika kichwani. Mkataba, mikataba. Kitabu, vitabu. Jalada, majalada. Kwenye vitenzi ndiyo usiseme: amelipa, hawakulipa, tutalipa, aliyelipa. Ukiandika "lipa", faharasa inakwenda kwenye L na kukuletea nyaraka zenye lipa au lipana. Barua iliyoandikwa "mteja hajalipa" imewekwa kwenye H, na kwako haitaonekana.

Watunga kamusi wetu walilijua tatizo hili zamani. Hakuna anayetafuta "hajalipa" kwenye H ya kamusi. Sote tulifundishwa kuvua viambishi hadi kwenye shina, kisha kufungua L. Waarabu nao walipitia hapohapo. Wanafunzi wa dini wanaijua *al-Mu'jam al-Mufahras* ya Muhammad Fuad Abd al-Baqi wa Misri, faharasa ya maneno ya Qurani. Jina lenyewe, *mufahras*, linatokana na fihris. Maneno ya humo yamepangwa kwa mizizi. Mzizi wa k-t-b unakusanya pamoja kuandika, maandiko na kilichoandikwa, hata kama neno fulani linaanza kwa herufi *mim*. Na tazama: kitabu, katibu, maktaba na mkataba wetu wote wametoka kwenye mzizi huohuo. Mpanga faharasa wa Kiarabu angewaweka nyumba moja. Kompyuta inawaweka wawili kwenye K na wawili kwenye M, na haijui kama ni ndugu.

Kwa hiyo unapotafuta kwa Kiswahili, usiandike shina kama unavyofanya kwenye kamusi. Andika neno zima kama unavyodhani liliandikwa kwenye waraka. Kama hukumbuki ni umoja au wingi, weka yote mawili: mkataba OR mikataba, na hiyo OR iwe kwa herufi kubwa, vinginevyo itachukuliwa kama neno la kawaida. Kwa majina ya faili unaweza kutanguliza nyota, *lipa, nayo itakubali chochote kilichotangulia mbele ya lipa. Kwa maneno ya ndani ya waraka nyota hiyo haikusaidii. Na unapoipa faili jina, pendelea majina yasiyogeuka: barua, ripoti, risiti, hotuba, ankara. Barua moja ni barua, na barua mia ni barua.

Dada wa masjala aliandika "muhtasari". Faili iliitwa "Mihtasari ya Vikao". Herufi ya pili tu, na kikao kizima kikatoweka.

Lakini hata angeandika "mihtasari" kwenye menyu ya Start, asingeipata, na hapa lawama zinawahusu mafundi wetu. Kwa kawaida yake Windows haiweki kila kitu kwenye faharasa. Huanza na maktaba zako za nyaraka, picha na muziki, pamoja na desktopu. Sasa sisi tuna desturi: fundi akishapiga window hugawa diski mara mbili, C ya mfumo na D ya kazi, na kukuasa uweke vitu vyako D ili siku mashine ikiharibika tena visiondoke. Ushauri huo una faida yake. Ila hakuna anayekuambia kwamba kwa kuhamia D umetoka nje ya faharasa. Ukifungua D yenyewe na kutafuta humo, ndipo Windows inapokwenda kwenye rafu kweli, folda kwa folda. Utaona mstari ukijikokota juu kwenye kisanduku cha anwani. Na hata hapo, usipoiagiza vingine, hutazama majina ya faili tu, si maneno ya ndani.

Dawa yake ni fupi. Kwenye Control Panel kuna kitu kinaitwa Indexing Options. Bonyeza Modify na utie tiki kwenye D au kwenye folda unayotaka. Au, kwa Windows 10 kuanzia toleo la Mei 2019 na Windows 11, nenda Settings, sehemu ya Searching Windows, uchague Enhanced badala ya Classic, nayo itaorodhesha kompyuta nzima. Kisha uwe na subira. Iache mashine kwenye umeme, kwa sababu ikitumia betri huipunguza kazi hiyo, na hata ukiwa unafanya kazi zako huisogeza pembeni isikusumbue. Dirisha lilelile la Indexing Options litakuambia vimeshaandikwa vitu vingapi, na kama kazi imekwisha.

Ukikuta hesabu haisogei kabisa, huenda huduma yenyewe ya kuandika faharasa imezimwa. Mafundi wengi huizima Windows Search wakisema inaifanya mashine iwe nzito, na kwa kompyuta yenye diski ya kuzunguka hawasemi uongo, maana uandishi wa mara ya kwanza unachosha. Lakini wanaizima na kuondoka bila neno. Fungua services.msc, yaani orodha ya huduma za Windows, uangalie kama Windows Search imewashwa.

Daftari linaweza pia kuharibika, hasa umeme ukikatika katikati ya uandishi. Hapo ndipo kuna kitufe cha Rebuild, ndani ya Advanced, na watu wanakiogopa. Nimeshuhudia mtu akitoa mkono kwenye mausi kana kwamba imemuunguza, akidhani nyaraka zake zitafutwa. Rebuild hufuta faharasa tu na kuianza upya. Faili zako haziguswi, hata moja. Kupiga window kwa sababu sechi imegoma ni kubomoa ofisi kwa sababu rejista imelowa maji. Kwa wenye Mac mambo ni yaleyale: Spotlight, kitafutio chake kilichokuja mwaka 2005, nayo husoma faharasa yake, na ukiitia diski kwenye orodha ya faragha kisha ukaiondoa, huiandika upya.

Kuna moja ambayo Rebuild haitibu. Waraka uliopigwa skani ni picha. Wewe unaona barua yenye muhuri na sahihi. Mashine inaona madoa meusi kwenye karatasi nyeupe. Maneno yake hayawezi kuingia kwenye faharasa mpaka programu ya kusoma maandishi yaliyo kwenye picha iyatoe kwanza. Ofisi zinazoskani majalada ya miaka ishirini na kuyaita "skani001", "skani002", zikitumaini kwamba sechi itayapata baadaye, zinajitengenezea kaburi la nyaraka. Yape majina siku ileile.

Nilipomweleza dada yangu wa masjala haya, sikuanza na kompyuta. Nilimuuliza afanyeje mkubwa akiagiza jalada. Akasema anafungua rejista, anaona namba yake, anaona nani amelichukua, ndipo anakwenda kwenye rafu. Na kama halimo kwenye rejista? "Naenda kutazama kwenye rafu, kaka. Huenda halikusajiliwa." Hajawahi hata siku moja kumwambia mkubwa kwamba jalada limepotea kwa sababu tu rejista imenyamaza.

Lugha yetu ina -po, -ko na -mo, na tangu utotoni hatukosei kuzitumia: sukari haimo kwenye kopo, lakini huenda ipo kabatini. Kisanduku cha kutafutia kinapokurudisha mikono mitupu, kinachokuambia ni haimo. Mwambie bosi hivyohivyo, kisha fungua diski D.