Kwa nini pedali ya kushoto ya baiskeli hukazwa kinyume?

Ukinunua baiskeli mpya ikiwa bado kwenye boksi, mara nyingi pedali huja zimefungwa pembeni, uziweke mwenyewe. Ya kulia haina shida: inazungushwa kufuata mishale ya saa kama nati yoyote, inaingia. Ya kushoto inagoma. Ukiilazimisha kwa spana inaingia upande, na hapo unakula thredi za krenki, ule mkono wa chuma unaobeba pedali. Fundi yeyote wa baiskeli hapa Mwanza, awe Igoma au Buhongwa, anaijua krenki iliyoharibiwa hivyo.

Pedali ya kushoto huchongwa kinyume makusudi. Inakazwa kinyume cha saa. Swali ni kwa nini watengenezaji wajisumbue kuchonga thredi za aina mbili kwenye baiskeli moja.

Jibu linalotolewa vijiweni ni kwamba mguu unapozungusha pedali kwenda mbele, unaikaza njiani; kwa hiyo kila upande umechongwa kufuata mzunguko wa mguu. Linaingia akilini haraka, ila lina kasoro kubwa. Itazame pedali yenyewe wakati mtu anaendesha. Krenki inazunguka, lakini pedali imetulia bapa chini ya soli, juu ni juu na chini ni chini. Maana yake, ukilinganisha na krenki, pedali inazunguka kurudi nyuma. Kama ni mguu unaoburuta ekseli ya pedali, yaani chuma cha katikati kinachoingia kwenye krenki, kupitia gololi zake, basi ungekuwa unaifungua, kulia na kushoto. Jibu la vijiweni, likifuatwa mpaka mwisho, linatupa baiskeli inayodondosha pedali zote mbili. Na kweli gololi zikikauka grisi kabisa na kuganda, pedali inaweza kujifungua. Gololi zikiwa nzima, mburuto huo ni mdogo mno, na kuna nguvu nyingine inayoushinda.

Nguvu hiyo inatokana na nafasi. Hata ikazwe vipi, ekseli ya pedali haijazi tundu la krenki kwa ukamilifu. Kuna mwanya ambao jicho haliuoni. Mguu nao unakandamiza kuelekea chini tu, huku krenki ikizunguka. Kwa hiyo sehemu ya tundu inayobeba uzito inabadilika kila wakati: krenki ikiwa mbele ni ukuta huu, ikishuka ni ukuta mwingine. Mgandamizo unatembea kuzunguka tundu, na ekseli inabingirika kuufuata.

Kinu na mchi vinalionyesha jambo hili vizuri. Chora alama ya mkaa juu ya mchi, uegemeze kwenye ukuta wa ndani wa kinu kitupu, kisha uubingirishe kufuata ukuta huo bila kuuacha uteleze. Mchi ukizunguka kinu kufuata saa, ile alama ya mkaa inageuka kinyume cha saa. Mchi mwembamba unageuka sana. Mchi mnene, unaokaribia kujaza kinu, unageuka kidogo tu kwa kila mzunguko, lakini mwelekeo haubadiliki: daima ni kinyume cha njia unayoipita.

Rudi kwenye pedali ya kulia. Ukiitazama kutoka upande wake, mgandamizo unatembea ndani ya tundu kinyume cha saa, kwa hiyo ekseli inageuka kufuata saa. Inajikaza. Upande wa kushoto kila kitu kimegeuzwa kama kwenye kioo, na thredi ya kawaida huko ingejifungua. Ndiyo sababu imechongwa kinyume.

Mgeuko huo ni mdogo kiasi gani? Ekseli ya pedali nyingi ina upana wa inchi 9/16, yaani milimita 14.3 hivi. Tuchukulie mwanya wa sehemu moja ya mia ya milimita. Kwa hesabu ya karatasini, ekseli itamaliza mzunguko mmoja kamili baada ya kupiga pedali mara 1,430 hivi. Kwa baiskeli inayosogea mita 5 kila mzunguko, hizo ni kilomita 7. Barabarani msuguano wa thredi iliyokazwa huizuia kufika huko, na mguu haukandamizi sawasawa mzunguko mzima. Lakini pedali iliyofungwa kwa vidole tu inaweza kuisikia nguvu hii mapema.

Tatizo lenyewe lilijulikana zamani. Mwaka 1900 Wilbur na Orville Wright, waliokuwa na karakana ya baiskeli Dayton, Marekani, kabla ya kurusha ndege, walitangaza pedali isiyojifungua, yenye thredi za kulia upande mmoja na za kushoto upande wa pili.

Sasa kufunga. Tafuta herufi kwenye ncha ya ekseli: R ni kulia, L ni kushoto. Futa thredi, paka grisi kwa kidole mpaka ijae mifereji, kisha anza kwa vidole. Ikikwama mzunguko wa kwanza, itoe uanze upya. Mwisho tumia spana namba 15. Ukiishika spana ikiwa imesimama wima juu ya ekseli, kuisukuma kuelekea gurudumu la mbele kunakaza pande zote mbili, kurudisha nyuma kunalegeza.

Wapo wanaoogopa kwamba grisi itaifanya pedali iteleze na kutoka. Haitatoka, grisi inasaidia ikaze vizuri, na inazuia kutu kuishikiza humo. Kwa baiskeli inayobeba kayabo, samaki wa chumvi, kutoka mwaloni Kirumba, chumvi na unyevu vikidondokea krenki kila siku, pedali iliyofungwa kavu huenda ikahitaji bomba refu na watu wawili kuing'oa.

Ukiendelea kufungua mpaka kwenye gololi za katikati, pale krenki zinapoingia kwenye fremu, angalia tena kabla ya kutumia nguvu. Kwenye baiskeli nyingi za kipimo cha Kiingereza, kikombe cha upande wa mnyororo, yaani kipande chenye thredi kinachoshika gololi, ndicho chenye thredi ya kinyume, na cha kushoto ni cha kawaida: kinyume cha ilivyo kwenye pedali. Hapo ni gololi zinazobingirika ndani ya kikombe, mgandamizo unazunguka kwa mwelekeo mwingine, na kikombe kinajikaza kwa kugeuka kinyume cha saa.