Kampavani kwenye milima ya Andalusia: gari lilale chini, wewe panda kwa miguu

Kila kampavani, yaani gari lenye kitanda na jiko ndani, ninayomkabidhi mteja hapa Málaga, kusini mwa Hispania, ina kipande cha selotepu nyeupe kwenye dashibodi, kimeandikwa kwa kalamu nene: urefu 5.99, upana 2.05, kimo 2.60. Chini yake nimeongeza kwa wino mwekundu: pamoja na vioo, 2.50. Wateja huchekelea. Wakishafika mji wa mlimani wa Arcos de la Frontera kicheko huisha.

Kazi yangu ni kukodisha magari haya na kuyatunza. Waswahili wenzangu wanaoishi Ulaya, wa Birmingham, wa Hamburg, wa Oslo, huniuliza karibu maswali yale yale: tupite wapi, tulale wapi, na je, mjini tutaingia na gari? Naanza na hilo la mwisho kwa kuwa majibu ya mengine yote yanatoka hapo.

Hamtaingia. Na si kwa sababu hamjui kuendesha.

Kuanzia karne ya 13 hadi 1492, milima hii ilikuwa mpaka kati ya dola ya Kiislamu ya Granada na ufalme wa Kikristo wa Castilla. Ndiyo maana hadi leo Arcos, Vejer na Jimena zinabeba "de la Frontera" kwenye majina yao. Aliyejenga hapa alitafuta jabali, akaweka ngome kileleni, nyumba zikabanana chini ya ngome, na njia zikabaki nyembamba, za kupindapinda, anayeingia apate tabu. Zahara ilitekwa na jeshi la Granada Desemba 1481, na vita vya mwisho vikawakia hapo. Setenil ilizingirwa 1407 ikawashinda waliokuja, ikaanguka 1484. Ronda ikafuata mwaka uliofuata. Miji iliyowasumbua wafalme na mizinga yao haitaifungulia njia Fiat Ducato ya mita sita.

Ukiwa Arcos, kwenye vichochoro vilivyo karibu na kanisa, zitazame kuta kwa karibu. Kwenye kona utakuta michubuko ya rangi za magari, nyekundu, fedha, buluu, yote kwenye kimo cha kioo cha pembeni. Hao ni wenyeji, tena na vigari vidogo, na vioo wamevikunja. Ramani ya simu haijui wewe unaendesha nini. Itakupitisha hapo bila wasiwasi wowote.

Kwa hiyo mimi hupanga safari kinyume na wengi. Natafuta kwanza gari litalala wapi, ndipo naamua tutautembelea mji gani na kwa saa ngapi. Ronda ina nafasi upande wa mji mpya, na kutoka huko ni matembezi mafupi hadi Puente Nuevo, daraja lililokamilika 1793, mita 98 juu ya korongo la mto Guadalevín. Setenil unaegesha juu ya mji na kuteremka kwa miguu hadi mtaa wa Cuevas del Sol, ambako nyumba zimeingizwa chini ya mwamba na jabali lenyewe ndilo dari. Watu wanakunywa kahawa na tani za mawe zimening'inia juu ya vichwa vyao. Jumamosi na Jumapili fika asubuhi na mapema, la sivyo utazunguka ukitafuta nafasi mpaka hamu ya kahawa ikuishe.

Sasa, kulala ndani ya gari. Hapa pana maneno mengi ya vijiweni, na sheria si ngumu kihivyo. Mamlaka ya usalama barabarani ya Hispania, DGT, inatenganisha kuegesha na kupiga kambi, na ilitoa maelekezo mapya kuhusu jambo hili 2023. Gari likiwa ndani ya mistari ya maegesho, linagusa ardhi kwa magurudumu tu, hakuna turubai lililokunjuliwa, hakuna kiti wala meza nje, hakuna maji yanayomwagika, basi limeegeshwa. Aliye ndani awe anasoma, anapika au amelala, hiyo ni shauri yake. Ukitoa kiti kimoja tu ukaota jua la jioni, umepiga kambi, na faini inakuhusu. Lakini halmashauri ya mji ina haki ya kuweka masharti yake, na ndani ya hifadhi za mazingira kulala hovyo hakuruhusiwi kabisa. Kibao chenye picha ya kampavani iliyopigwa mstari kisome kama kilivyo, usikitafsiri kwa faida yako. Miji mingi siku hizi imetenga maegesho maalumu yenye maji safi na mahali pa kumwaga tangi la choo. Kwa safari ya mara ya kwanza, pangilia usiku wako kwenye hayo na kwenye kambi rasmi.

Nikiwa na nusu saa tu ya kuongea na mteja, dakika ishirini nazitumia kwenye breki.

Kampavani nyingi zinakaribia kilo 3,500 zikijazwa, na huo ndio ukomo wa leseni ya daraja B. Kupanda kunaumiza dizeli na uvumilivu wa walio nyuma yako. Kushuka ndiko kunakoumiza gari. Aliyewahi kushuka mlima wa Kitonga kule Tanzania nyuma ya lori la shehena anaijua ile harufu ya breki zinazoungua. Barabara ya A-395 inayotoka Sierra Nevada kwenda Granada inanukia hivyo hivyo. Magari yanaruhusiwa hadi Hoya de la Mora, mita 2,500 juu ya usawa wa bahari, na Granada iko karibu na mita 700. Hiyo tofauti yote utaishuka kwa mara moja, na dereva wa Uholanzi au Denmark hajawahi kushuka kitu cha namna hiyo.

Gia uliyopandia ndiyo ya kushukia. Ya pili au ya tatu, injini ipige kelele, iache. Kelele hiyo ndiyo inayolishikilia gari. Kwenye otomatiki weka gia kwa mkono, usiiachie ichague yenyewe. Ukigusa breki, ibane sawasawa, punguza mwendo, kisha iachie ipoe. Mguu unaoegemea pedali kidogo kidogo njia nzima ndio unaochemsha kila kitu. Ukisikia harufu, ingia kwenye nafasi ya kwanza iliyo kando ya barabara na usimame. Usimwage maji kwenye magurudumu, na usivute hendibreki diski zikiwa za moto. Weka gari kwenye gia na kabari chini ya tairi. Tena, huna sababu ya kupanda na tangi la maji lililojaa. Lita mia ni kilo mia, na huko juu maji yapo.

Kwa sababu hiyo hiyo sipendi watu waanze na barabara ya A-397 kutoka pwani kwenda Ronda. Ni kona juu ya kona, na nyuma yako kuna mtu anayekwenda kazini kila siku na hana subira. Toka Málaga kupitia Ardales ukamate A-367: unapanda taratibu, unayazoea mapana ya gari lako kati ya mashamba ya mizeituni.

Kutoka Ronda kwenda Grazalema ni mwendo mfupi. Mji huu unajulikana kwa mvua. Mawingu ya Atlantiki yakitoka baharini hukutana kwanza na milima hii, yanapanda, yanapoa, yanamwaga. Kwa mwaka hunyesha zaidi ya milimita 2,000, karibu mara mbili ya Dar es Salaam, wakati mwendo wa saa chache mashariki, kule Almería, kuna jangwa. Mvua hiyo ndiyo inayoutunza msonobari wa pinsapo, mti uliosalia kutoka enzi za baridi na ambao kwa asili unaota katika milima michache tu ya eneo hili. Kuuona msituni unahitaji kibali cha hifadhi, na kiangazi njia huweza kufungwa kwa hofu ya moto. Kutoka Grazalema kwenda Zahara kuna barabara ya Puerto de las Palomas. Nzuri mno kwa macho, lakini ukungu ukishuka huoni hata kingo. Siku ya mawingu zunguka upande wa Algodonales, hutapoteza chochote isipokuwa picha.

Lakini roho yangu iko Alpujarra, ubavu wa kusini wa Sierra Nevada. Pampaneira, Bubión na Capileira zimepangana moja juu ya nyingine kwenye korongo la Poqueira, na Capileira iko kwenye mita 1,436. Nyumba zimepakwa chokaa, lakini paa si za vigae. Ni bapa: boriti za mchestinati, mabamba ya mawe, kisha udongo wa kijivu uitwao launa, ambao ukilowa hujifunga maji yasipenye. Waislamu waliobaki baada ya Granada kuanguka waliishi huku hadi uasi wa 1568, uliozimwa 1571, nao wakahamishwa kwa nguvu. Mifereji yao haikuhamishwa.

Hiyo mifereji nitaieleza, kwa kuwa wengi huipita bila kujua. Theluji ikianza kuyeyuka, maji hukingwa juu kabisa mlimani kwa mifereji ya udongo inayoitwa acequias de careo, lakini hayapelekwi shambani. Yanapelekwa mahali ambapo ardhi inayanywa. Yanazama, yanatembea polepole ndani ya mlima, na baada ya wiki au miezi yanatokea kwenye chemchemi za vijijini, wakati mito imeshapungua. Ndiyo sababu Agosti, nyanda za chini zikiwa zimekauka, bomba la uwanja wa Pampaneira bado linatiririka. Jaza galoni ya kunywa, baada ya kusoma kibao, maana penye "no potable" hapanyweki. Mpira wa kujazia tangi la gari usiuchomeke hapo. Wanakijiji hawatakugombeza, watakutazama tu, na utaelewa.

Barabara ya A-4132 kutoka Órgiva inapitika kwa gari la mita sita, ila vijijini egesha mwanzoni kabisa. Ukiwa na gari refu zaidi, liache kambini Órgiva upande basi. Juu ya Capileira magari binafsi hukomea kizuizi cha Hoya del Portillo. Katika miezi ya joto kuna basi dogo la hifadhi linalokufikisha karibu na njia ya Mulhacén, kilele cha juu kuliko vyote katika rasi ya Iberia, mita 3,479.

Chakula: Trevélez ni mji wa paja la nguruwe lililokaushwa, na mapaja yananing'inia darini kwenye kila baa. Katika mkoa wa Granada ukiagiza kinywaji, hata soda, unaletewa kitafunwa cha bure ambacho hukukichagua. Waislamu semeni "sin cerdo", bila nguruwe, kabla sahani haijatoka jikoni. Viazi vya kukaangwa na pilipili hoho huwa salama, ila ulizeni.

Málaga, Sevilla na Granada zina maeneo yanayozuia magari yanayochafua hewa, kwa hiyo dizeli kuukuu ibaki nje ya mji. Kuwasha moto porini ni marufuku kati ya 1 Juni na 15 Oktoba, mkaa wa kuchomea samaki ukiwemo. Mtungi wa gesi uliotoka nao Ujerumani au Uingereza huwezi kuubadilisha hapa, vichwa vyake havioani na vya Hispania. Njoo nao umejaa.

Njoo Mei au mwishoni mwa Septemba. Mwezi wa nane gari linageuka tanuri, na joto la nyuzi 40 nyanda za chini si habari. Ukiwa na wiki mbili utaona pande zote kwa raha. Ukiwa na wiki moja chagua upande mmoja, Ronda na Grazalema au Alpujarra. Mimi ningekwenda Alpujarra, na Ronda ningeirudia kwa treni.