Kichocheo cha joto la chini: tenganisha hasara ya maji na ya salfa

Kichocheo cha oksidi za manganizi na seriamu juu ya titania (oksidi ya titani) kinaweza, kwa msaada wa amonia, kuondoa zaidi ya asilimia 90 ya oksidi za nitrojeni (NOx) kwenye nyuzi 150 za Selsiasi, ilhali kile cha vanadiamu na tangsteni huhitaji 300 hadi 400. Ila takwimu hizo nzuri kwa kawaida ni za gesi kavu isiyo na salfa. Moshi wa makaa ya mawe una maji na salfa pia.

Utengenezaji si mgumu. Pima kwanza titania ya aina ya anatasi (mojawapo ya maumbo yake ya fuwele) hufyonza kimiminika kiasi gani bila kutiririka. Kwa gramu 10 za titania, yeyusha gramu 4.6 za nitrati ya manganizi yenye molekuli nne za maji na gramu 1.6 za nitrati ya seriamu yenye sita kwenye maji, mchanganyiko wote usizidi ujazo ule, kisha unyweshe titania. Ukizidi, chumvi husafiri na kurundikana juu ya chembe wakati wa kukauka. Kausha kwa nyuzi 110 usiku kucha, kisha choma kwa 400 kwa saa 4 mahali penye kifyonza hewa, kwani nitrati hutoa gesi ya kahawia yenye sumu. Joto likikaribia 600, chembe huungana na eneo la uso hupungua.

Kwenye majaribio, mimi huanza na NO (oksidi ya nitrojeni iliyo nyingi kwenye moshi) na amonia, sehemu 500 kwa milioni kila moja, na oksijeni asilimia 5. Amonia iliyobaki ikifika kwenye kipimaji cha NOx inaweza kugeuzwa kuwa NO humo ndani na kuharibu hesabu, kwa hiyo inase kwa asidi ya fosforiki kabla. Pima pia N2O, oksidi nyingine ya nitrojeni, kwa mwanga wa infraredi. Manganizi huitoa kwa wingi joto likipanda, na kipimaji cha NOx hakiioni kabisa.

Sasa ongeza mvuke asilimia 10 peke yake. Utendaji utashuka, kwa kuwa maji hugombania nafasi na amonia. Ukikata mvuke, sehemu kubwa hurudi. Kisha rudisha mvuke pamoja na SO2 (dioksidi ya salfa), sehemu 100 kwa milioni, uache kwa saa nyingi. Saa mbili hazitoshi kuonyesha lolote la maana.

Baadaye kata SO2, pasha kichocheo hadi 400 kwa saa moja, upime tena penye joto lilelile la mwanzo. Utendaji uliorudi ulikuwa umezibwa na bisulfeti ya amonia, chumvi inayonata inayojaza vitundu. Usiorudi ni manganizi iliyokwisha kuwa sulfeti, na hiyo haivunjiki hadi zaidi ya nyuzi 700, joto linaloiua titania yenyewe.

Hasara ya bisulfeti ikitawala, panua vitundu au panga kupasha mara kwa mara. Ya sulfeti ya manganizi ikitawala, kupasha ni kupoteza nishati: ongeza seriamu, ambayo hushika salfa kabla ya manganizi, au hamishia kichocheo baada ya mtambo wa kuondoa salfa.