Madoa kwenye kioo cha kale sio ubovu jamani

Hapa Arusha mtu akinunua vitu vya wageni wanaohama, akakuta kioo cha zamani chenye fremu ya dhahabu na madoa meusi pembeni, cha kwanza anakimbilia kwa fundi abadilishiwe kioo na fremu ipulizwe rangi mpya, eti kimeoza. Hapana jamani, hapo ndo mnaua thamani yake.

Yale madoa ni umri tu. Kabla Mjerumani Justus von Liebig hajaja na njia ya kupaka madini ya fedha mwaka 1835, nyuma ya kioo walikuwa wanaweka madini ya bati (tin, sio bati la paa) yaliyochanganywa na zebaki, na yakizeeka yanaleta vidoadoa na ukijivu fulani hivi, mnunuzi anayejua anautafuta huohuo. Ila msikwangue huko nyuma, zebaki ni sumu.

Fremu sasa. Zile nzuri ni mbao iliyopakwa chaki na gundi, juu yake udongo mwekundu laini, halafu ndo dhahabu halisi, nyembamba kuliko karatasi. Cheki kwenye kona zilizosuguliwa, ukiona wekundu unachungulia ni dalili nzuri (japo kuna wanaoigiza, usitoe hela kwa hilo tu). Rangi ya kopo ya kuigiza dhahabu inakuja kugeuka kahawia, dhahabu haigeuki. Na tafadhali sana msifute na kitambaa chenye maji, gundi ya chini inalainika na dhahabu inatoka nayo, tumieni brashi laini kavu.